Shajara ya mradi: kusaka vibete kahawia vyekundu kupita kawaida

Januari, mwanzo wa kazi

Mradi wenyewe ni huu: natafuta vibete kahawia ambavyo ni vyekundu kupita inavyotegemewa kwa daraja lao. Kwanza nakusanya vile ambavyo tayari vinajulikana navipanga kwenye jedwali moja, alafu natumia hilo jedwali kusaka vingine ndani ya katalogi za anga ambazo ziko wazi kwa yeyote mwenye laptopu na bando. Sina darubini ya kufanya kazi ya namna hii na kwa sasa siihitaji, data zipo, tena nyingi kuliko watu wa kuziangalia.

Kwa wanaokuja wapya nieleze kidogo. Kibete kahawia kinazaliwa kama nyota, wingu la gesi linajikusanya na kujibana, ila masi haitoshi kuwasha hidrojeni katikati na kuendelea kuichoma. Kwa makadirio tunasema kati ya masi 13 na 75 hivi za Mshtarii (sayari ya Jupita), juu ya hapo ni nyota kamili, chini ya hapo hata deuteri, yaani hidrojeni nzito, haichomeki na watu wanaanza kukiita kitu chenye masi ya sayari. Shiv Kumar aliipigia hesabu hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1960, jina likatoka kwa Jill Tarter mwaka 1975, lakini kuvikamata vyenyewe kukasubiri mpaka 1995 ndo ikatangazwa Teide 1 kwenye kundi la Kilimia (ndiyo, Kilimia hiyohiyo ya wakulima) pamoja na Gliese 229B inayoizunguka nyota ndogo ya jirani. Baadaye wanaastronomia wakaongeza daraja la L na la T lenye baridi zaidi kwenye mpangilio wa nyota, na Y mwaka 2011 kwa vile vya baridi kabisa. Namba baada ya herufi, kama L7, inapanda kadiri kitu kinavyozidi kuwa baridi ndani ya daraja.

Sasa kwa kuwa hakina moto wa kudumu kibete kinapoa maisha yake yote, na hapo ndo kuna shida inayonifanya niwe na mradi huu. Kibete kizito kilichozeeka na kibete chepesi kilichozaliwa juzi vinaweza kuwa na jotoridi lilelile leo, ukipima joto peke yake hujui unaangalia nini, masi inaweza kuwa 60 za Mshtarii au inaweza kuwa 7. Unahitaji kujua umri, na umri wa kitu kinachoelea peke yake angani ni kitu kigumu sana kukipata. Wekundu ni moja ya dalili chache zinazokunong'oneza kwamba hiki huenda ni kichanga. Nasema huenda kwa makusudi, tutafika huko.

Sababu nyingine ni sayari. Sayari kubwa zilizopigwa picha moja kwa moja, zile nne za HR 8799 ambazo picha za kwanza zilitoka 2008, na ile ya 2M1207 iliyopigwa picha Chile mwaka 2004, zote zina wekundu wa aina hii. Ila zipo kandokando ya kitu kinachong'aa kuliko zenyewe kwa hiyo kuzichunguza ni vita. Kibete chepesi kinachoelea peke yake hakina mwenzake wa kukizibia, mwanga wote unaoupata ni wake. Mimi naona hii ni zawadi kubwa na ndo maana nimeamua nitumie mwaka huu wote hapa.

Januari mwishoni

Nimemaliza kupanga data. Wekundu tunaupima kwenye infraredi, mwanga ulio mbele ya nyekundu ambao macho hayauoni, kwa kutoa uangavu wa bendi ya K kutoka kwenye uangavu wa bendi ya J. J iko karibu na maikromita 1.25 na K karibu na 2.2. Namba za uangavu zinaenda kinyume, kitu hafifu kina namba kubwa, kwa hiyo J kutoa K ikiwa kubwa maana yake mwanga wa J umekuwa mdogo ukilinganisha na wa K. Kibete cha kawaida cha L7 au L8 kipo kwenye 1.7 hivi. Vile ninavyovitafuta mimi vinaanza 2.2 kwenda juu, na kile chekundu kuliko vyote vinavyoelea peke yake kati ya nilivyo navyo kwenye jedwali ni CWISE J0506+0738 (majina haya ni katalogi pamoja na mahali pa kitu angani) chenye 2.97. Ukifanya hesabu, tofauti ya 1.3 hivi kwenye namba hizi ni sawa na kusema mwanga wake wa J umepungua zaidi ya mara 3 kulinganisha na ndugu zake wa daraja hilohilo. Hiyo sio tofauti ya kupuuzia kabisa.

Vyanzo: 2MASS, sensa ya anga ambayo ilipiga picha anga zima kati ya 1997 na 2001 kwa darubini mbili za mita 1.3, moja Arizona nyingine Chile. WISE, satelaiti ya NASA yenye darubini ya sentimita 40 iliyorushwa Desemba 2009, ikazimwa 2011, ikawashwa tena 2013 na ikaendelea mpaka 2024, yaani tuna karibu miaka 15 ya picha za anga lote kwenye maikromita 3.4 na 4.6, naziita W1 na W2 kama wengine. Alafu kwa vitu hafifu kuna sensa za darubini ya UKIRT kule Hawaii kwa upande wa kaskazini na ya VISTA kule Chile kwa upande wa kusini, hizi zinaona mbali kuliko 2MASS na ndo zenye maana zaidi kwangu kwa sababu vyekundu vyote ni hafifu kwenye J.

Kitu cha kukumbuka na nimekiandika kwa herufi kubwa juu ya faili: filta za 2MASS na filta za UKIRT hazifanani. PSO J318.5-22 kwa mfano ina 2.78 kwa filta za UKIRT na 2.84 kwa filta za 2MASS, kitu kilekile. Ukichanganya namba za huku na huku bila kuweka alama utapata mpangilio wa uongo wa nani mwekundu kuliko nani. Nimetengeneza safu mbili tofauti kwenye jedwali na pale ambapo namba ipo ya upande mmoja tu naacha nafasi wazi, sibadilishi kwa kukadiria.

Februari

Mwezi huu ni wa kusoma maisha ya vile vinavyojulikana, kimoja kimoja, na nimeufurahia kuliko nilivyotegemea. Naandika vile vilivyonikaa kichwani.

2MASS J2148+4003, ilitangazwa 2008, J-K yake 2.38 kwa filta za 2MASS. Hii ndo inayonifanya nisiamini wekundu peke yake, kwa sababu haina dalili za uchanga. Ni nyekundu, basi.

WISE J0047+6803, ilitangazwa 2012 na kundi la John Gizis, 2.55. Baadaye umbali ukapimwa, parseki 12.2, kama miaka nuru 40 hivi, na mwendo wake ukaonyesha ni mwanachama wa AB Doradus, kundi la nyota zilizozaliwa pamoja na zinasafiri pamoja, umri wake ni zaidi kidogo ya miaka milioni 100. Ukishajua umri unapata masi, kama 20 za Mshtarii. Angalia mnyororo ulivyo hapo: rangi ikawapa sababu ya kuangalia, umbali na mwendo vikawapa kundi, kundi likawapa umri, umri ukawapa masi. Rangi ilikuwa hatua ya kwanza kati ya hatua kadhaa.

PSO J318.5-22, 2013, kundi la Michael Liu kwa kutumia sensa ya anga ya Pan-STARRS kule Hawaii. Ipo parseki 24.6, L7, kundi la Beta Pictoris ambalo lina miaka kama milioni 20 na ushee, jotoridi kama kelvini 1160, masi kama 6.5 za Mshtarii kwa makadirio ya mwanzo. Yaani kitu chenye masi ya sayari kinaelea hakina nyota. Hii nimeisoma mara nyingi na bado inanisisimua.

ULAS J2227-0045, 2014, Federico Marocco na wenzake, 2.79 kwa filta za UKIRT. Nyekundu sawa na PSO J318, daraja lilelile la L7, ila mwendo wake hauingii kwenye kundi lolote changa linalojulikana. Nimeiandika pembeni yake "soma tena Aprili" maana huyu ndo kesi ya mradi mzima.

2MASS J1119-1137, kundi la TW Hydrae lenye miaka milioni 10 hivi. Ilipotangazwa ilionekana ni kitu kimoja, alafu 2017 wakaipiga picha kali zaidi wakakuta ni viwili vinazungukana, kila kimoja kina masi kama 3.7 za Mshtarii. Masi ya sayari mbili zinazungukana zenyewe kwa zenyewe, hakuna jua.

Na CWISE J0506+0738, ilitangazwa 2023 na kundi la Adam Schneider. Hii ilitoka kwenye mradi wa Backyard Worlds, ambao tangu Februari 2017 unawapa watu wa kawaida picha za WISE wazipitie kwa macho. Wakaithibitisha kwa spektra (mwanga uliotawanywa kwa urefu wa wimbi) ya darubini ya Keck, wakakuta graviti ndogo na dalili za metheni zinaanzaanza kujitokeza, kwa hiyo wakaipa daraja la mpakani kati ya L8 na T0. Inakadiriwa kuwa parseki kama 32, ikiwa kweli ni ya Beta Pictoris masi yake ni kama 7 za Mshtarii. J kutoa W2 yake ni 4.93. Ipo kwenye kundinyota la Jabari, karibu kabisa na ikweta ya anga, kwa hiyo sisi wa Afrika Mashariki inatupitia karibu utosini, japo kwa macho haionekani hata kidogo.

Machi

Usakaji umeanza. Mdogo wangu anayesoma kompyuta amenisaidia kuandika kodi ya Python ya kuchuja, mi namwambia masharti yeye anayaandika, tunapakua usiku bando likiwa bei rahisi na asubuhi tunakaa na chai tunaangalia yaliyoingia.

Masharti ya kwanza yalikuwa ya rangi tu, J-K zaidi ya 2.2, na W1-W2 inayofanana na ya vile vya kwenye jedwali. Majibu yakaja mengi mno. Ilikuwa lazima yawe mengi, anga limejaa vitu vyekundu visivyohusika: galaksi za mbali zilizojaa vumbi, kwasari (viini vya galaksi za mbali vinavyong'aa sana), nyota za kawaida zilizojificha nyuma ya mawingu ya Njia Nyeupe, nyota kubwa zilizozeeka zinazotoa masizi ya kaboni, nyota changa ambazo bado zina diski. Tukatupa eneo lote la karibu na ukanda wa Njia Nyeupe, inauma kwa sababu vibete vipo huko pia (WISE J0047 yenyewe haiko mbali na ukanda huo, nyuzi 5 hivi tu) lakini kwa kuanzia bora nipate orodha fupi ninayoiamini.

Chujio la pili ndo limenifurahisha. Kibete cha L mwishoni hakitoi mwanga wowote wa maana kwenye kijani wala nyekundu ya macho, kinaanza kuonekana kwenye bendi za z na y za Pan-STARRS huko karibu na maikromita 0.9 na 1. Kwa hiyo kitu chochote kwenye orodha ambacho kinaonekana vizuri kwenye picha ya g, bendi ya kijani, tunakiondoa. Mdogo wangu ameshazoea sasa, anafungua picha anasema "kaka hii galaksi, ina mkia" anaenda inayofuata.

Alafu mwendo. Hapa nimekaa muda mrefu kwa sababu kuna jambo ambalo nilikuwa sijaliona likiandikwa wazi na nadhani wasakaji wenzangu walijue. Njia maarufu ya kutafuta vibete ni kupepesa picha za WISE za miaka tofauti, kwenye tovuti ya WiseView kwa mfano, unaangalia nukta gani imehama. Ni njia nzuri mno na imezaa matunda mengi, ila inapendelea vitu vyenye kasi. Vitu vyenye kasi kubwa angani ama vipo karibu sana ama ni vya zamani, vimeshasukumwasukumwa na mvutano wa vitu vya galaksi kwa mabilioni ya miaka. Vichanga bado vinasafiri kwa utulivu pamoja na ndugu zao. Chukua kitu kinachohama sekunde 0.1 ya tao kwa mwaka (sekunde ya tao ni pembe, sehemu moja ya 3600 ya nyuzi moja), kwa miaka 14 ya WISE kimehama sekunde 1.4, na pikseli moja ya kamera ya WISE ni sekunde 2.75. Nusu pikseli. Kwa macho unaweza kukiona kama kinatikisika kidogo ukiwa na picha safi, ukiwa na picha chafu hukioni. Kwa hiyo vile ninavyovitaka mimi zaidi, vichanga, ndo vinavyojificha zaidi kwenye njia inayotumika zaidi.

Suluhisho langu ni kuoanisha picha za zamani zaidi na mpya zaidi zenye makali, mahali pa kitu kwenye 2MASS mwaka 1998 au 2000 kama kilionekana kwenye K, alafu mahali pake kwenye UKIRT au VISTA miaka zaidi ya kumi baadaye. Hapo hiyo sekunde 1 inaonekana bila ubishi. Galaksi haihami, kwasari haihami, nyota kubwa ya mbali karibu haihami. Rangi inaleta wengi, mwendo unawachambua, na nimegundua ukianza na rangi alafu mwendo unabaki na vitu tofauti kabisa na ukianza na mwendo alafu rangi. Natamani watu wafanye zote mbili.

Aprili

Hakuna data mpya wiki hizi, nimekaa kwenye swali la kwa nini vinakuwa vyekundu, na ULAS J2227.

Kibete cha daraja la L kina kama kelvini 2200 mpaka 1300, ni joto la wastani ambapo madini yanaganda hewani. Silikati, chuma, korundi, vinakuwa punje ndogo ndogo zinazoelea kama mawingu. Bendi ya J kwa kawaida ni dirisha la kuona chini kabisa kwenye tabaka za moto, kwa hiyo wingu likiwa nene J ndo inayoumia zaidi, na K haiumii sana maana mwanga wake mwingi unatoka juu. Punje zikiwa ndogo zaidi ya urefu wa wimbi zinatawanya mawimbi mafupi na kuyaacha marefu yapite, ni ileile tunayoiona kiangazi jua likizama kupitia vumbi la barabarani linakuwa jekundu la damu.

Kibete cha kawaida kikipoa kufika kelvini 1200 hivi mawingu yanazama chini, metheni inatokea na inameza mwanga wa K, rangi inageuka haraka kwenda upande wa bluu, J-K inashuka mpaka karibu na sifuri, hapo kimekuwa T. Ila kwenye kichanga graviti ni ndogo kwa sababu ni chepesi na bado kinasinyaa, kina umbo kubwa kuliko litakavyokuwa baadaye, na mawingu yanabaki juu hata kikipoa sana. PSO J318 ina kelvini 1160! Kibete cha zamani cha joto hilo tayari ni T wa bluu, yeye bado ni L7 mwekundu wa kutisha. Hii picha moja inaeleza mengi kuliko sura nzima za vitabu.

Graviti ndogo inafanya na vingine. Kwenye anga zito molekuli za hidrojeni zikigongana zinameza mwanga hasa kwenye K, anga jepesi halina migongano mingi hivo K inabaki na mwanga, kwa hiyo wekundu unaongezeka kutoka pande zote mbili. Mistari ya potasi na sodiamu inakuwa dhaifu, na kilele cha bendi ya H, iliyo katikati ya J na K, kwenye spektra kinachongoka kama pembetatu. Hizi ndo alama za kuzitafuta kwenye spektra na ndo maana bila spektra huwezi kusema kichanga kwa uhakika.

Sasa rudi kwa ULAS J2227. Wakaichukulia spektra kwa VLT, darubini kubwa ya Chile, wakajaribu kuiondolea wekundu kwa hesabu, yaani wakajifanya mbele yake kuna pazia la vumbi wakalitoa pazia. Kilichobaki kikafanana na L7 wa kawaida kabisa, bila alama yoyote ya graviti ndogo. Vumbi la kati ya nyota upande huo wa anga ni kidogo mno kuweza kuhusika, kwa hiyo vumbi ni la kwake mwenyewe, kwenye anga lake, punje za kama maikromita 0.5. Na hesabu hiyohiyo ikafanya kazi vizuri kwa vyekundu wengine wa L5 mpaka L7.5.

Kwa hiyo tuna vyekundu viwili, PSO J318 na ULAS J2227, J-K zao zimepishana kwa 0.01, kimoja kichanga chepesi, kingine hakina ushahidi wowote wa kuwa kichanga. Msimamo wangu kuanzia leo, na nitaupigania: tusiandike "kichanga" kwenye jedwali lolote kwa sababu ya rangi. Tuandike "chenye vumbi jingi", maana hilo ndo rangi inaloweza kuapa. Uchanga uje na spektra au na kundi.

Kuna na jambo la upande unaokitazamia. Johanna Vos na wenzake mwaka 2017 walipanga vibete kwa jinsi mhimili wao ulivyolala kwetu wakakuta vile tunavyovitazama kutokea ikweta ni vyekundu zaidi, vile tunavyovitazama kutokea nchani ni vya bluu zaidi. Kazi za baadaye kwa data za Spitzer, darubini ya angani ya infraredi, zikaonyesha mawingu ya silikati ni mazito zaidi maeneo ya ikweta. Kwa hiyo baadhi ya wekundu tunaousaka ni suala la sisi tumekaa wapi tu! Hilo lenyewe linatosha kumnyima mtu usingizi, kitu kilekile ukikitazama kutoka nyota nyingine hakiingii kwenye orodha.

Mei

Mabadiliko ya mwanga. Mawingu hayajakaa sawasawa, kibete kikizunguka upande wenye wingu nene unakuja na kuondoka, uangavu unapanda na kushuka. PSO J318 ilipimwa ikabadilika asilimia 7 mpaka 10 kwenye J. WISE J0047 kwa darubini ya Spitzer ilionyesha mzunguko wa kama saa 16.

Na VHS 1256 b, hii haielei peke yake, inazunguka vibete viwili kwa mbali sana, ila ni nyekundu wa familia hiihii, 2.47 ilipotangazwa 2015. Mwanga wake ulipanda karibu asilimia 25 ndani ya saa 8, na vipimo vya baadaye kwa kulinganisha vipindi tofauti vikafika asilimia 38. Alafu darubini ya angani ya James Webb ikaipiga, majibu yakatoka 2023, spektra kutoka maikromita 1 mpaka 20 kwa mara moja: maji, metheni, monoksidi ya kaboni, dioksidi ya kaboni, potasi, sodiamu, na alama ya wazi ya silikati karibu na maikromita 10. Punje za mchanga wenyewe zinaonekana. Kwa miaka mingi tulikuwa tunasema "vumbi" kwa kukisia kutoka kwenye rangi, sasa lipo kwenye grafu.

J0506 nayo ina dalili za kubadilika kwenye vipimo vya WISE japo wenyewe wameliweka kama jambo la kuthibitishwa. Nimepakua vipimo vyote vya WISE vya vitu vya kwenye jedwali langu, nachora uangavu wa W1 na W2 dhidi ya tarehe. WISE kila ikirudi sehemu moja ya anga baada ya miezi sita inapiga picha kama kumi na mbili hivi ndani ya siku moja na kidogo, ni chache kwa kupata mzunguko wa saa kadhaa, ila kwa kuona kama kitu kina tabia ya kutikisika kwa miaka zinatosha. Kazi ya polepole. Naipenda.

Julai

Hali ya washukiwa. Baada ya rangi, picha za g, na mwendo, imebaki orodha fupi ambayo nusu yake tukiziingiza SIMBAD, hifadhidata ya vitu vya angani, tunakuta zimeshatangazwa, na hiyo ni habari njema kabisa maana ina maana chujio linavuta samaki sahihi. Mmoja tuliyempenda sana, mdogo wangu alishaanza kumpa jina, tukakuta ana spektra tangu miaka kadhaa nyuma na ameshaandikwa L wa graviti ndogo. Tulishangilia hivohivo.

Wale wasiojulikana nimewapitisha kwenye BANYAN Sigma, hii ni programu ya mtandaoni unaipa mahali, mwendo, na kama unao umbali na kasi ya kuja au kuondoka, yenyewe inakupa uwezekano wa kitu kuwa mwanachama wa makundi 27 ya nyota changa yaliyo ndani ya parseki 150. Bila umbali na bila kasi majibu ni ya tahadhari tu, nimeandika asilimia na nimeandika pembeni nini kimekosekana. Wote nimewatuma kwenye fomu ya Backyard Worlds ili wenye spektra wapate pa kuanzia, sioni faida ya kukaa na kitu kwenye laptopu yangu wakati Keck ipo Hawaii na mimi nipo Morogoro.

Agosti

Kuna mlango mwingine umefunguka na kwa sasa nipo hapo. SPHEREx, satelaiti ya NASA, ilirushwa Machi 11, 2025, inapima anga lote kwa rangi 102 kati ya maikromita 0.75 na 5, na data zinawekwa wazi. Makali yake ni madogo, pikseli ni sekunde 6.2, na kwenye J vitu vyangu vitakuwa hafifu mno pengine visionekane kabisa, lakini kuanzia K kwenda mbele vibete hivi vina mwanga wa kutosha, na ndani ya eneo hilo kuna metheni kwenye 3.3, dioksidi ya kaboni kwenye 4.3, monoksidi ya kaboni kwenye 4.6. Kwa mtu asiye na Keck hii ni spektra, hafifu lakini spektra.

Mpango: tunaanza na vile vya kwenye jedwali kabla ya washukiwa. WISE J0047 kwanza kwa sababu ipo karibu na inang'aa, alafu PSO J318, alafu ULAS J2227 nione kama wale wawili wanaofanana rangi wanatofautiana kwenye metheni na monoksidi ya kaboni, J0506 mwisho kwa kuwa ndo hafifu zaidi. Nyota za jirani zinazoingia ndani ya pikseli moja na kitu inabidi ziondolewe kwa mkono, mdogo wangu ameshaanza kuandika hiyo sehemu ya kodi na tumekubaliana kwamba kitu chochote chenye jirani ndani ya sekunde 12 tunakiweka pembeni kwanza. J0047 imepita. Ya PSO J318 naiangalia kesho.